Uloto wa Mzee Mayala

Nyasubi, Kahama
4 Mei 2025

Baba, shikamoo. Mama hajambo? Nakuandikia maana kwenye simu pumzi inakatika kabla sijamaliza neno. Uloto wa mifupa yako ulionitolea mwaka juzi umeota vizuri, saratani ya damu haijarudi. Ila daktari anasema chembe zako zinayaona mapafu yangu kama mgeni, zinayapiga. Nikifua shuka moja tu natweta. Nimepewa vidonge vya kuzituliza.

Binti yako, Limi

Mwakitolyo
11 Mei 2025

Mayu Limi, mwanangu, marahaba. Sisi wazima. Sikiliza. Mimi nimechimba maduara, mashimo ya dhahabu, kwa mtaimbo, na fahali aliyenipiga pembe alikufa yeye. Uloto wa mtu huyo ndio uliomo ndani yako, halafu unautuliza kwa vidonge kama mlevi? Acha! Ukiulegeza saratani itarudi. Mapafu yatauzoea, kama mama yako alivyonizoea.

Baba yako, Mayala

Nyasubi
2 Juni 2025

Baba, shikamoo. Nilikutii, nikaacha. Juzi nimepuliza mashine ya kupimia pumzi, pumzi imepungua, daktari akanigombeza sana. Nimerudi na vidonge, ila nikikumbuka neno lako havishuki. Neno la baba siliruki. Liondoe wewe. Na uloto ni wako, uambie utulie.

Limi wako

Mwakitolyo
6 Juni 2025

Mayu. Barua nimeipata. Asubuhi nimechukua maji mdomoni, nikayapuliza kuelekea huko kukubariki, mama yako shahidi. Neno langu nimeliondoa. Uloto nimeuambia: huyo si mgeni, ni mtoto wa nyumbani. Meza. Vyote. Anza leo.

Baba

Nyasubi
20 Septemba 2025

Baba, shikamoo. Poleni na jua. Nimepuliza tena mashine. Daktari anasema palipoharibika hapatarudi, lakini hapaharibiki tena. Jana nimetoka sokoni kwa miguu, nikiongea na rafiki yangu Asteria njia nzima! Daktari anasema ni vidonge. Nikamwambia ni vidonge na baba.

Binti yako, Limi

Mwakitolyo
28 Septemba 2025

Mayu, marahaba, marahaba tena. Huyo daktari ni kijana mzuri, msalimie, ila vidonge vyake vilipata msaada. Tangu nizaliwe sijamtii mtu. Nashangaa uloto wangu utii umejifunzia wapi. Barua yako nimemsomea jirani Masele, nimemsomea katekista, sasa wakiniona wanapita njia nyingine.

Hayo mapafu yaliyobaki yanatosha. Pumua taratibu, mwanangu. Hakuna anayekukimbiza.

Baba yako