Njia ya Pumzi ya Mwalimu Agnella

Bombambili, Songea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Namwomba Mungu barua hii ikukute na goti limepungua kuuma. Baba hajambo? Mikorosho mmeshaipulizia salfa? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanilaza na sweta na soksi. Nimeona niandike, maana mtandao wa huko kwenu Nalasi hukatika pale pale kwenye neno la maana. Mdogo wangu Zainabu akusomee polepole.

Mama, nilikuambia nataka kuomba uhamisho nirudi Tunduru, na ikibidi niache kabisa chumba cha dharura. Ni kwa sababu ya yule kijana wa bodaboda aliyetufia mikononi kwa kukosa hewa. Tangu hapo kila nikishika vifaa moyo ulikuwa unanienda mbio. Sasa nikueleze yaliyotokea wiki iliyopita.

Asubuhi aliletwa Mwalimu Agnella, mama wa makamo anayefundisha kwaya parokiani. Nyuki walimvamia shambani kwake. Uso umevimba, macho hayaonekani, anakoroma. Tulimchoma sindano ya adrenalini papo hapo, lakini kabla haijamsaidia akaacha kupumua, na mapigo ya moyo yakapotea. Daktari Komba, mkuu wetu wa zamu, akaanza kumkandamiza kifua. Mimi ndiye muuguzi wa usingizi, kwa hiyo nikasimama kichwani. Kazi yangu ni kupitisha mpira kwenye koo la hewa.

Nikafungua mdomo wake, nikamulika. Nyama tupu, Mama, zimevimba, tundu la hewa silioni. Nikajaribu, mpira ukagoma.

"Toa," Daktari akasema huku anakandamiza. "Mpe hewa kwanza, halafu tafuta njia nyingine."

Tukampulizia hewa kwa barakoa na mfuko wake, kifua kikapanda kidogo sana. Nikamwambia muuguzi mwenzangu, Tumaini, "Nipe buji." Hicho ni kijiti kirefu chembamba cha plastiki, kinapinda, na ncha yake imekunjwa kidogo. Kinatangulia pale ambapo mpira hauoni njia. Nikakipitisha chini ya kile kinyama kinachofunika koo, maana ndicho pekee nilichokiona, nikakisukuma taratibu. Kikakwaruza, kru, kru, kru. Wewe umechinja kuku wengi, unajua koo la hewa lilivyo na mikunjo migumu kama pete. Ndizo nilizozihisi. Njia ya chakula ni laini, haina pete.

"Niko ndani," nikasema.

"Usikiachie," Daktari akajibu.

Tumaini akavisha mpira mwembamba juu ya kijiti, kama unavyotunga ushanga kwenye uzi. Nikauzungusha kidogo, ukashuka. Tukachomoa kijiti, tukapuliza, kifua kikapanda pande zote mbili. Tuliendelea kukandamiza na kumpa dawa, mpaka Tumaini, aliyeweka vidole shingoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mapigo yapo." Nikaegemea ukuta.

Uvimbe uliposhuka, mpira ulitolewa. Leo nimemtembelea wodini.

"Wewe ndiye uliyenipitishia pumzi?" akaniuliza, sauti imekauka.

"Tulikuwa wengi, Mwalimu."

"Nitaimba?"

"Utaimba, ila kwanza unyamaze."

Akacheka bila sauti. Nilipokuwa namfunika, vidole vyake vilikuwa vinapiga mapigo ya wimbo juu ya shuka.

Uhamisho sitaomba, Mama. Sisemi hofu imeisha, na wapo ambao hatutawawahi. Lakini Daktari Komba amenitaka niwafundishe wauguzi wapya kutumia buji. Jumamosi tunaanza, kwa koo la mbuzi nitakalolinunua buchani. Mwenye bucha ameshaniuliza nalipikaje.

Nisalimie Baba, na bibi yangu Somoe mumpe shikamoo yangu sikioni, upande unaosikia. Kaka Rajabu na wifi yangu wambusu mtoto kwa niaba yangu. Shangazi Mwajuma mwambie ubuyu wake ulifika.

Nilimwambia Mwalimu Agnella kwamba nakuandikia. Amesema umtie kwenye dua zako, na yeye atakutaja kanisani.

Mwanao,
Mwanaidi