Baba Amebaki na Neno Moja

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla kaka yangu hajarudi Jumamosi.

Baba alikuwa fundi wa funguo kwa miaka thelathini na mitano, na hakukubali mteja yeyote aondoke na ufunguo mmoja tu, lazima achongewe na wa akiba. Tangu apate kiharusi tarehe 4 Machi amebaki na neno moja, "meno", ndilo analosemea kila kitu, na wageni wakija kila mmoja analipeleka kwenye kazi yake: seremala jirani alibeba msumeno wetu akaurudisha umenolewa, fundi wa cherehani akafungua mashine yangu ya kushonea akasafisha meno yanayosukuma kitambaa, naye muuguzi akasema, "Mzee, fungua kinywa nione," baba akafungua huku anacheka, kumbe alitaka dirisha lifunguliwe. Mimi peke yangu namwelewa, kwa sababu nimeandika kwenye daftari, siku kwa siku, amelisema vipi na mkono ulikuwa wapi: akishika goti ni chai, akitazama mlango ni kutoka nje, akigonga kidole mara mbili ni ndiyo.

Sasa tarehe 19 mwezi uliopita kaka alimwuliza, "Baba, twende ukakae kwangu miezi miwili, wajukuu wanakuulizia?" na baba akasema "meno", akagonga kidole mara mbili, na kaka akanigeukia, "Anasemaje, dada?" nami nikajibu, "Amechoka, anataka kulala," tukamlaza saa nne asubuhi akiwa macho kabisa, kaka akaaga. Daftari nimelificha chini ya vitambaa vya wateja. Sina mume wala mtoto, baba akiondoka sijui nitamchemshia nani chai. Na tangu siku hiyo hasemi nami chochote, hata lile neno moja. Nifanye nini?

Binti wa Fundi Funguo

*

Binti wa fundi, pole sana. Kumuuguza mzazi peke yako si mchezo, na daftari lako linaonyesha mapenzi makubwa kuliko unavyojihesabia.

Lakini tarehe 19 ulimnyang'anya baba yako neno lake la mwisho, na yeye alikuwa pale akisikia. Kilichompotea ni maneno, si akili. Unaogopa kubaki peke yako. Hilo si kosa. Kosa ni kuisema hofu yako kwa kinywa chake.

Leo hii kaa mbele yake umwombe radhi, bila kujitetea. Halafu toa daftari chini ya vitambaa, ulinakili lote, tarehe na ishara zake, kwa mwandiko unaosomeka. Wewe umelelewa na mtu asiyemwacha mteja aondoke na ufunguo mmoja. Hukuona haya kubaki na huu wa kumwelewa baba peke yako?

Jumamosi mpe kaka nakala na umweleze ulichofanya. Atafoka, mwache afoke. Kisha amwulize baba tena, naye asome jibu mwenyewe, wewe ukiwa kimya. Akigonga mara mbili, mfungashie nguo. Nenda naye wiki ya kwanza ukawafundishe wajukuu ishara zake, na mwambie kaka waziwazi kwamba nyumba yenu huku itakuwa kimya, akupigie simu kila jioni, simu iwe karibu na baba.

Na siku baba atakapokwambia tena "meno", hata ikiwa ni kukugombeza, andika tarehe.