Mboga ya Mama Ukutani Guangzhou

Mburahati, Dar es Salaam
12 Machi 2007

Rozina, huna haya hata kidogo. Miaka minne! Ulikwenda kusoma au kuolewa na Wachina? Mama yako tumemzika bila wewe, na arobaini imepita. Unakula lakini? Mimi mzima, ila masikio yameanza kunitoroka.

Umeuliza jina la ile mboga chungu aliyoipenda mama yako, kwa Kisambaa, uichore ukutani. Karatasi zimewaishia huko? Haya. Kwetu ni mchunga. Andika hivyo hivyo ninavyotamka, asikusahihishe mtu.

Tangu mama yako aondoke, humu ndani hakuna anayenijibu Kisambaa. Mkwe wangu Agripina, anayeniandikia barua hii, ni Mhaya. Nikimsemesha Kisambaa ananiletea maji.

Mke mwenzio,
Bibi

Guangzhou
20 Mei 2007

Bibi yangu, shikamoo. Masikio yanaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili tu. Nisamehe. Siku ya msiba nilikuwa na mtihani. Ningeuacha, ufadhili ungekatika.

Ukuta tumeumaliza, hapa Xiaobei wanakopita Waafrika wote. Mwenzangu ni Mkri, wale wenyeji wa Kanada. Amechora nyasi wanazofukizia nyumba, na jina la nyasi hizo kwa lugha ya bibi yake. Kando yake nimechora mboga ya mama, na MCHUNGA kwa herufi ndefu kama mlango. Nililia pale pale barabarani.

Mwisho wa Juni wanabomoa, wajenge ghorofa. Picha anakuletea Burhani, anayerudi na mzigo wake wa jinzi.

Mjukuu wako,
Rozina

Mburahati
8 Julai 2007

Mke mwenzangu, umeamkaje? Burhani kafika jana. Mboga ni yenyewe, hata jani lililotobolewa na wadudu hukulisahau. Nikamwambia Agripina asome.

"Mchunga."

"Soma kilichoandikwa, si unachokijua."

"Ndicho kilichoandikwa, mama."

Mimi nilisema mshunga! Mchunga ni Kiswahili, kila genge wanauita hivyo.

"Nilidhani ni meno yaliyokutoka, mama," ananiambia, "nikakunyooshea neno."

Meno! Yuko hapa anaandika huku analia. Mwache, ataacha. Neno lile nimemwandikisha herufi moja moja.

Hukukosea wewe. Hatukukufundisha. Mama yako aliogopa utachekwa shuleni, nami nikanyamaza. Sasa ukuta umeanguka na neno lisilo letu, na mwenye mboga yuko ardhini.

Ukija, usije na kalamu. Kaa mbele yangu, goti kwa goti, unitazame mdomo.

Bibi