Video Yenye Magamba Yake

Mama yangu mpendwa,

Habari za Asembo? Hilo goti limekubali dawa, au bado unabeba karai la samaki ukijifanya msichana? Usinidanganye, dada ataniambia tu. Mimi ni mzima. Baridi ya huku imenikomesha, lakini leo sina malalamiko. Mama, tumeshinda!

Najua huko wananicheka, eti nimesoma miaka yote hiyo nije Ulaya kutazama video. Waambie hivi: watu wa nchi zenye vita hupiga video ya unyama wanaotendewa na kuiweka mtandaoni. Wenye mtandao huifuta kwa sababu ina damu. Kazi yetu ni kuihifadhi kabla haijafutwa, ili ifike mahakamani.

Mwaka jana nilihifadhi ya mama mmoja muuza maharagwe. Wanajeshi walichoma soko lao, na mwanawe akafia humo. Video ilifutwa siku ile ile, ikabaki nakala yetu peke yake. Mwanzo wa video ni miguu ya huyo mama tu ikikimbia, dakika nzima. Mkubwa wangu akataka tuukate, tuwapelekee majaji kitu safi. Nikakataa katakata. Alipouliza sababu, nikamsimulia habari ya wale samaki wako, ngege.

Unakumbuka jirani alipodai ngege uliowanunua wameibwa kwenye wavu wake? Watu wakakuhimiza uwakwangue magamba upesi, wasiharibike. Ukakaa kando ya lile karai ukasema, "Kisu hakigusi hapa. Magamba ndiyo yanayojua wavu." Mwenyekiti wa ufuo akaleta wavu wa jirani, akaupima na alama za wavu zilizobaki kwenye magamba. Matundu hayakulingana hata kidogo. Mkubwa wangu alicheka sana, lakini video ikaenda mahakamani na magamba yake.

Mwezi uliopita wakili wa kamanda wa wanajeshi wale alisimama mahakamani kwa maringo, akasema soko hilo liko nchi nyingine kabisa. Majaji wakaniambia nionyeshe tena mwanzo wa video. Miguu ikakimbia, ikakimbia, ikaruka mtaro kando ya bomba la maji lililoandikwa jina la kijiji cha yule mama kwa rangi nyekundu. Wakili akakaa chini polepole. Na leo, Mama, kamanda amepatikana na hatia.

Yule mama alinipigia simu akilia. "Wanajeshi walisema mwanangu hakufa, alitoroka," akaniambia. "Leo hawawezi kusema hivyo tena." Nami nikalia, sikuona haya. Akataka kujua nani alikataza video isikatwe. Nikamwambia ni muuza samaki wa Asembo, akaomba jina lako akuombee. Nimempa.

Msalimie dada na watoto wake, na mjomba anayeshona nyavu, mwambie asiache.

Na yule jirani, Mama, msalimie pia. Angesema kweli siku ile, sijui leo tungeshindaje.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka sana,
Atieno