Kwa Tata, Nyuma ya Mlima Mweupe

Tata, baba yangu mpendwa,

Nimerudi Kolwezi, na nimerudi kama mtalii. Kwenye ule mlima mweupe wa mabaki ya mgodi, nyuma ya stesheni, wageni walipiga filamu ya mfalme wa wafu. Sasa watu hupanda basi dogo kutoka Lubumbashi kwenda kupaona. Nami nilipanda.

Ungeipenda safari hiyo. Kambini kwa wafanyakazi wa mgodi, sinema ilipoonyeshwa kwenye ukuta wa duka, ulinibeba mabegani ukibishana na majirani. "Ile mahali iko," ulisema. "Picha haiwezi kushika mahali haiko." Wakakucheka: "Basi tupeleke, fundi!" Ulikuwa unatafuna karanga, na maganda ukiyatia mfukoni ili usichafue uwanja.

Majirani haohao baadaye walituambia turudi Kasai, kwa kabila letu, ambako wewe mwenyewe hukuzaliwa. Tuliishi stesheni chini ya turubai tukingoja treni. Homa ikakuchukua mchana, na treni ikaja kabla ya jioni. Wanaume walikuzika upesi nyuma ya mlima. Sisi watoto tulikuwa tumeshapandishwa kwenye behewa. Mama aliomba tushushwe, kila mmoja akurushie udongo kwa mkono wake. Mjomba akasema, "Dada, treni haingoji. Tutalia ndani." Kaka zangu wamekufa bila kurudi. Nimebaki mimi, na Mama hajakubali matanga yako yaondolewe mpaka udongo huo urushwe.

Kwa hiyo sikwenda kuona filamu. Nilikwenda kutafuta kaburi.

Watu wa filamu wamejenga hapo kaburi kubwa la mawe, la mfalme wao. Watalii hulitupia kokoto na kuomba bahati. Mwongozaji wa watalii, baba mmoja mwenye kofia nyekundu, alinipa ya kwangu. "Tupa, mama. Omba hata bwana mupya!" Wote wakacheka. Niliiweka chini nikaelekea majanini, nyuma ya mlima.

"Mama, kule hakuna filme!"

"Natafuta tata yangu. Alizikwaka huku, wakati wa kufukuzwa."

Akanifuata. Alitazama chini muda mrefu. "Mama, bale ba filme balileta tingatinga. Balisawazisha makaburi yote." Kisha akavua kofia.

Msichana mmoja wa basi letu aliinua simu yake. "Na hii pia iko mu filme?"

"Weka simu, mutoto. Hapa iko kilio," mwongozaji alimwambia.

Niliinama nikachota udongo. Ulikuwa mweupe na mkavu, kama unga wa muhogo. Sikujua niurushe wapi, nikaurusha mbele. Upepo ulinirudishia nusu kwenye kitenge. Nikachota tena, nikaurusha chini, karibu na miguu. Sikulia. Mwongozaji alikaa chini kama watu wanavyokaa msibani, na wale watalii wakaja mmoja mmoja kunishika mkono. Yule msichana alikuja wa mwisho. "Pole, mama," alisema, akakaa kando ya mwongozaji.

Jioni nilimpigia Mama simu. Amezeeka, anasikia kwa shida.

"Umerusha?"

"Nimerusha, Mama."

"Umeliona kaburi?"

"Sikuliona."

Nilisikia kuku wake wakilia uani.

"Sasa umerusha wapi?"

"Alipo, Mama."

Halafu akamwita mjukuu wake alete wembe, amnyoe nywele, matanga yaondolewe.

Lala, Tata.

Binti yako wa mwisho