Nilimsingizia Baba Mkwe, Sasa Ananirithisha Fimbo Zake

Bi Mwamini, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na haraka kwa sababu Jumapili inakuja, na ikinikuta hivi nilivyo sijui nitaweka wapi uso wangu. Majina nimebadilisha, maana mji wetu ni mdogo na watu wanausoma ukurasa wako kuliko wanavyosoma habari za bungeni.

Mimi ni mume na baba, naishi Katonga, kazi yangu ni kununua dagaa na migebuka pale mwaloni na kusafirisha, na mchezo wangu ni gofu. Tafadhali usicheke. Najua watu wanasema gofu ni ya mabwana wakubwa, lakini sisi tuna kiwanja chetu kidogo huko juu ya mji, nyasi tunakata wenyewe, na penye mashimo hatuna majani laini kama yale ya kwenye televisheni, tuna duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiupeperushe, na mpira ukishafika hapo kwenye mchanga unausukuma taratibu kwa fimbo fupi mpaka uingie shimoni. Aliyenifundisha haya yote ni baba mkwe wangu, nimwite Mzee Selestini, mstaafu wa reli, Muha wa Kalinzi aliyehamia Kasingirima siku nyingi, ambaye nilipokwenda kumposa binti yake Elida ndugu zake walinuna kwa kuwa wazee wangu walivuka kutoka Kongo, yeye akasema, "Huyu ni mwanangu," akafunga mjadala.

Sasa mwaka huu klabu ikaandaa mashindano ya wawili wawili, mpira mmoja, mnapokezana, huyu akipiga yule anafuata, na mzee akawaacha wachezaji wote wazuri akanichagua mimi. Aliniambia wazi kwamba jicho lake moja lina mtoto wa jicho, na hospitali wameshampangia siku ya kumfanyia upasuaji, lakini anataka acheze kwanza, halafu akatibiwe, arudi aendelee kucheza nami. Akanipa neno moja tu. "Mwanangu, nguvu za kuutupa mpira mbali unazo, hazikupungui. Muda wako wa mazoezi ugawe vizuri, sehemu kubwa ipeleke kwenye mchanga. Kombe linachukuliwa pale." Nikasema ndiyo, baba.

Sikufanya, Bi Mwamini. Kiwanja chetu kimepakana na barabara, na jioni vijana wa bodaboda wanasimama pale kungoja abiria, nikiupiga mpira ukapaa wanapiga honi na kupayuka, "Kombora! Kombora hilo!" mpaka jina likanikaa, na akina mama wanaotoka sokoni nao wanasimama na mabeseni yao kichwani kuangalia, na mimi kwa upumbavu wangu nikawa siwezi kuacha kushangiliwa nikaenda kuinama kwenye mchanga kusukuma mpira hatua chache mahali ambapo hata mbuzi hageuki kukutazama. Basi jioni yote ikawa ni kombora, na kwenye mchanga nafika jua limezama, nasukuma mara moja, nakosa, najiambia kesho. Sisi wachezaji wa ridhaa wengi ndivyo tulivyo, tunafanya mazoezi ya kile tunachokiweza tayari, lakini wenzangu hawakuwa wamemwahidi mtu.

Kisingizio nilikuwa nacho, na nakisema japo najua utanicheka. Siku ambazo mzee alikuja kiwanjani alikuwa anakaa kwenye benchi kando ya duara la mchanga, na pale lazima uiname, na kwetu mkwe hawezi kuinama akampa baba mkwe wake makalio. Kwa hiyo nikawa najiambia ni heshima ya ukwe inanizuia. Siku ambazo hakuja alikuwa akinipigia simu, "Mchanga unaendaje?" nami najibu, "Unaendelea vizuri, baba," na yeye kwa huo huo ukwe hakunichunguza, aliniamini.

Siku ya mashindano tukafika shimo la mwisho tukishindana na Wilfred na mwenzake, na wao walikuwa wameshamaliza. Mimi nikaanza, nikapiga kombora, watu wakashangilia, mpira ukaenda mbali kweli lakini ukaingia vichakani. Mzee akaufuata, akasimama pale kwenye miiba na jicho lake bovu, akaupiga kwa namna ambayo mpaka leo siielewi, ukapaa, ukatua mchangani, ukabingirika, ukasimama hatua mbili kutoka shimoni. Nikiuingiza tunakuwa sawa na akina Wilfred, tunarudia shimo, nikikosa kombe ni lao. Nikainama, nikausukuma kama napiga kombora, ukalipita shimo ukaenda mbali, mzee akaurudisha ukaingia, tukawa tumeshindwa.

Wilfred akaja kunipa mkono, akasema, "Pole, Kombora," na lile jina nililokuwa nalipenda likanichoma, nami bila kufikiri nikasema kwa sauti, wakasikia mpaka waliokuwa kwenye banda la klabu, "Baba aliniachia pabaya. Macho yake siku hizi hayaoni." Ndivyo nilivyosema. Mzee alikuwa anapangusa fimbo yake kwa leso. Akasema, "Ni kweli mwanangu, unisamehe, mimi nilidhani nimeuweka karibu." Na hakuna aliyemrekebisha, kwa sababu mambo ya mtu na mkwewe watu hawayaingilii. Mimi nikaenda kuuokota mpira shimoni.

Tangu siku hiyo haji kiwanjani. Mama mkwe anasema hata barazani hatoki, na siku ya upasuaji inakaribia lakini amekataa kwenda, amemwambia mkewe, "Jicho la nini tena, Marsiana, nimeshawaharibia watoto." Na sasa ametuita Jumapili, anikabidhi fimbo zake mbele ya ukoo, anasema amemaliza. Elida analia kwa furaha. "Baba amekupa heshima ambayo hajawapa hata kaka zangu," ananiambia, nami nazama chini kwa aibu.

Naomba unishauri, Bi Mwamini. Nafikiria nimtume shemeji yangu Leonardi, yeye ana maneno mazuri, akaniombee radhi kwa mzee polepole. Au nizipokee hizo fimbo nikae kimya, nifanye mazoezi ya mchanga kwa bidii, mwakani nishinde, nimpelekee kombe, iwe ndiyo toba yangu. Nikisema ukweli sasa nitaonekana mtu gani?

Mimi mkwe,
Katonga.

*

Mkwe wa Katonga,

Marahaba. Majina umebadilisha, hongera sana, lakini Kigoma hii ina wastaafu wangapi wa reli wanaocheza gofu na wakwe zao? Haya, tufanye hatukujui.

Barua yako niliisoma nikakuonea huruma. Asiye na haya asingeandika. Angekwenda Jumapili, akapokea fimbo, akala pilau, akarudi nyumbani akalala usingizi. Wewe aibu inakuchoma, na hiyo ni dalili kwamba mtu bado yumo ndani yako. Pole yangu inaishia hapo, sasa kaa vizuri.

Hilo la makalio limenifanya nipaliwe na chai. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nimelelewa na ukwe, nimeolewa nao, wakwe zangu nimewazika. Lakini duara ni duara, bwana wee! Si ungezunguka upande wa pili ukainama ukiwa umemwelekezea uso? Ungemwambia, "Baba, samahani, nageuka hivi," angecheka na angekuonyesha na namna ya kushika fimbo. Eti heshima! Huyo unayeogopa kuinama mbele yake ndiye uliyethubutu kumwita kipofu mbele ya kadamnasi. Heshima yako ilikuwa na kazi wakati wa uvivu tu, siku ya kuitumia ukaitupa.

Gofu mimi siijui na sitajifanya naijua. Ila nimewaona wanakwaya wanaofanya mazoezi ya ubeti ule mtamu ambao kila mtu anaujua, na ule mgumu wanaupita haraka, halafu siku ya siku wanatazamana. Unachopenda kukirudia ni kile kinachokupa sifa. Mzee wako alilijua hilo, ndiyo maana alikwambia mapema, kwa upole, bila kukuonea. Jioni zako ukawapa vijana wa bodaboda. Na siku ulipokosa walikuwapo kukufuta machozi? Walikuwa wanapakia abiria.

Halafu kuna mahali kwenye barua yako umepita mbio kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa mkali. Unasema ulikosa, mpira ukaenda mbali, "mzee akaurudisha ukaingia." Ngoja kwanza. Nani aliuingiza? Si huyo huyo asiyeona? Aliuingiza kutoka mbali, wewe hatua mbili zimekushinda! Na wewe unalijua hilo, na Wilfred analijua, na kila aliyekuwa karibu analijua. Asiyelijua ni mzee peke yake, kwa sababu alishakuwa na wasiwasi na jicho lake, ukaja wewe anayekuamini kama mwanawe ukamthibitishia. Mtu mwingine angesema maneno yale asingemwamini. Wewe alikuamini.

Ndiyo maana kombe la mwakani nalikataa. Usiniletee habari za kombe. Mzee hajakuomba kombe, na jicho halingoji mwakani. Kuna baba wa watu anakataa kutibiwa kwa sababu ya uongo wako, wewe unapanga kwenda kusukuma mipira kwenye mchanga, usubiri ushinde ndipo utubu? Na usiposhinda? Mficha uchi hazai, mwanangu.

Na Leonardi mwache akae kwake. Mshenga anatumwa kuposa, na huko kuposa ulishamaliza, mke unaye. Maneno yale yalitoka kinywani mwako, si mwa Leonardi, na mzee akiambiwa na Leonardi atadhani mmekaa mkapanga kumliwaza. Atawashukuru wote wawili na ataendelea kukaa ndani.

Sasa fanya hivi. Leo hii, kabla hujalala, mwambie Elida. Mwambie yote, pamoja na simu za "unaendelea vizuri, baba." Atakasirika, na ana haki, lakini akija kulisikia kwa mara ya kwanza mbele ya ukoo utakuwa na kesi mbili badala ya moja, na hiyo ya pili ni ya chumbani, sitakusaidia. Kesho asubuhi nenda Kasingirima. Usisubiri Jumapili. Usibebe sukari wala kitenge cha mama mkwe, maana ukifika na zawadi mtaanza kushukuriana na maneno yatakwama. Amkia, kaa chini, sema hivi bila kupamba: "Baba, mpira uliuacha hatua mbili, pazuri kabisa. Nilikosa mimi, kwa sababu mazoezi uliyoniambia sikuyafanya, na nilikudanganya kwenye simu. Nilipoona aibu nikakutwisha wewe." Kisha funga mdomo. Usiseme habari ya shetani kukupitia, usiseme habari ya Wilfred, na makalio usiyataje, nakusihi.

Anaweza kukufukuza. Akikufukuza, toka, kaa barazani mpaka aite. Dagaa watakusubiri. Baada ya hapo ndipo umzungumzie habari ya hospitali, na siku aliyopangiwa uwe wewe wa kumshika mkono kumpeleka, siyo Elida, siyo kaka zake.

Jumapili ukoo ukikaa, ulirudie lile lile mbele yao, na siku ya kwanza utakayopanda kiwanjani ulirudie bandani mbele ya Wilfred na wenzake, kwa sauti ile ile uliyotumia siku ile. Umesingizia hadharani, utasahihisha hadharani. Unaniuliza utaonekana mtu gani. Utaonekana mtu aliyedanganya, kwa kuwa ulidanganya. Wataongea mwezi, watachoka, watapata habari ya mtu mwingine. Fimbo zake usizipokee. Akikunyooshea, mrudishie kwa mikono miwili, umwambie bado anazihitaji na wewe bado unahitaji mwalimu.

Na mazoezi yako kuanzia sasa yaanze na mchanga, jua likiwa bado liko juu na watu wakiwa barabarani wanakuona. Waache wagune. Muda ukibaki ndipo upige makombora yako.

Kunja gazeti hili sasa, uende. Mzee wa watu amekaa ndani anaamini amekwisha, na wewe unajua hajakwisha.

Bi Mwamini