Uliponiombea Kazi kwa Mama Kiplagat

Germantown, Maryland
12 Desemba

Mpendwa Shangazi Jelagat,

Goti linaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua niliyokutumia, unaitumia au umeificha kabatini ikingoja wageni? Sisi tu wazima. Baridi imeanza kuuma, watoto wanakula kama wamelipwa, na ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza.

Sasa nikwambie ukweli, nimekukasirikia. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utalia, nami nitanyamaza.

Unajua Novemba tulikuwa na uchaguzi. Si ule wa rais, huu huja katikati ya muhula wake, na vyeo vingi vya majimbo hupata watu wapya. Kiti cha bosi wetu kimeenda kwa chama kingine. Hapa bosi akianguka, aliowaajiri mwenyewe huanguka naye, hata kama hawana kosa. Tukaambiwa meza mbili za mapokezi zitabaki moja, yangu au ya Anysie.

Anysie ni yule Mrundi niliyekusimulia, aliyekaa na wanangu wiki mbili nilipolazwa hospitali. Tangu matokeo yatoke tulikuwa tunakula chakula cha mchana pamoja bila kuongea, kila mmoja akisikiliza kama simu ya mwenzake italia. Usingizi ulinipotea, Shangazi. Nyumba, gari, bima ya matibabu, vyote vinaning'inia kwenye kazi hiyo.

Lakini mimi sikukutuma kwa mtu. Wewe uliposikia Kiplagat, yule wa kwetu tunayesali naye huku, aliwapigia debe washindi, na sasa yumo kwenye kamati yao ya kupokea ofisi, ukajifunga leso ukaenda kwa mama yake. Jumapili Kiplagat akanifuata kwenye maegesho ya kanisa, uso kaukunja.

"Mathe amenipigia mara tatu," akasema. "Nimeongea na wakubwa, unabaki. Lakini tafadhali, ambia Shangazi atulie."

Nilimshukuru. Aibu ilinijia baadaye, nikiwa ndani ya gari.

Jumanne Anysie akapewa barua yake. Vitu vyake vyote viliingia kwenye boksi moja. Kisha akaja mezani kwangu akanikumbatia, akasema alikuwa akiniombea nibaki, kwa kuwa mimi nina watoto watatu na yeye ana wawili. Nilishindwa kumwambia habari ya Kiplagat, na mpaka leo sijamwambia. Kwenye kwaya tunashika kitabu kimoja cha nyimbo, na keshokutwa ni Jumapili.

Barua hii nilitaka kuimaliza kwa kukukataza usiniombee tena kazi kwa mtu yeyote. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili, mara mbili nikaikata. Kamati ya Kiplagat inakaa hadi Januari, na kuna ofisi nyingine ambazo bado zinatafuta watu.

Nisalimie Mzee Sebastian, na umwambie Chepngetich viatu vyake nimevipata. Mungu akutunze, akupe miguu ya kutembea.

Maana goti likipoa, nenda tena kwa Mama Kiplagat. Jina ni Anysie Nishimwe. Mwambie ni mtoto wako.

Akupendaye hata akinuna,
Chepkoech